Embe bichi lilinijaza mate, risala ikanikausha: nani anayeyaamuru?

Swali: "Daktari, shikamoo. Juzi mwenzangu kazini alimenya embe bichi, akalikata vipande na kulinyunyizia chumvi na pilipili. Sikuonja hata kimoja, lakini kinywa kilijaa mate hadi nikaona haya. Wiki iliyofuata nilisimama kusoma risala kwenye harusi ya mdogo wangu, ulimi ukanata kwenye kaakaa, sauti ikakwama, nikaletewa maji. Nilikunywa, na dakika moja baadaye kukawa kukavu tena. Mama yangu naye, tangu aandikiwe dawa ya usiku ya maumivu ya neva, analalamika kinywa kikavu, anakunywa maji kutwa bila nafuu. Mate yanatoka wapi hasa, na nani anayeyaamuru yaje au yasije?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeniletea visa vitatu, kumbe ni kimoja, na ufunguo wake umeuandika mwenyewe bila kuutilia maanani: ulikunywa maji, dakika moja baadaye kinywa kikakauka tena. Maji yale yalipita kwenda tumboni. Mate hutengenezwa na tezi, na tezi hazifanyi kazi hiyo mpaka zipate amri ya neva. Siku ya harusi maji ya kutengenezea mate yalikuwemo mwilini tele. Kilichokosekana ni amri.

Tuanze na zilipo. Tezi kubwa ni jozi tatu. Ya kwanza, kubwa kuliko zote, imekaa mbele ya sikio na kushuka hadi kwenye pembe ya taya. Ndiyo inayovimba mtoto akiugua matubwitubwi, au perema kama wengine mnavyoita, shavu likawa kama kaficha andazi. Ya pili iko chini ya taya, ya tatu chini ya ulimi. Mbali na hizo kuna vijitezi vidogo mno, kati ya 600 na 1000, vilivyotawanyika ndani ya midomo, mashavu, kaakaa na ulimi. Simama mbele ya kioo, geuza mdomo wa chini, ukaushe kwa kitambaa safi kisha usubiri kidogo. Vitone vitajitokeza kimoja kimoja kama jasho.

Mlango wa mrija wa tezi ya mbele ya sikio unaweza kuupata kwa ncha ya ulimi: kinundu laini ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu. Aliyeufuatilia mrija huo akauandika ni Niels Stensen, kijana wa Denmark mwenye miaka 22, mwaka 1660 huko Amsterdam, alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo. Kwa hiyo siku ukiandaa kichwa cha mbuzi cha supu, tazama vizuri kabla ya kukitia sufuriani. Mate ya chini ya taya hutokea chini ya ulimi, kandokando ya kile kikano kinachoufunga ulimi na sakafu ya kinywa. Hapo pia ndipo penye siri ya ugaga, ule ukoga ulioganda ukawa kama jiwe: hupenda kujenga nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavuni wa magego ya juu. Mate yana kalsiamu na fosfeti, na meno yaliyo karibu na milango ndiyo yanayopata mgawo wa kwanza.

Mrija huo wa chini ya taya hushikwa na vijiwe kuliko mirija mingine yote, maana mate yake ni mazito na njia yake inapanda. Mtu akianza kula, tezi inasukuma, mlango umezibwa, uvimbe wa maumivu unatokea chini ya taya kisha unanywea baadaye. Ukisikia habari ya namna hiyo, usimkande mtu mafuta. Aende akapigwe picha.

Ndani ya tezi, ukitazama kwa hadubini, utaona vichala kama vya zabibu. Kila punje ni seli zilizozunguka tundu dogo. Tundu linaingia kwenye kijimrija, na vijimrija vinaungana hadi mrija mkubwa. Seli za tezi ya mbele ya sikio hutoa mate mepesi yenye amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Ndicho kinachoufanya mkate usio na sukari uanze kuwa na utamu ukiutafuna muda mrefu. Tezi ya chini ya ulimi na vijitezi vidogo hutoa zaidi ute unaoteleza. Ya chini ya taya ina seli za aina zote mbili.

Zamani hata wataalamu walidhani tezi ni chujio tu: damu inasukuma, maji yanapenya. Katikati ya karne ya 19 Mjerumani Carl Ludwig alipima shinikizo ndani ya mrija wa mate wa mbwa huku akiichokoza neva ya tezi, akakuta linaweza kupanda kupita shinikizo la damu inayoilisha tezi hiyohiyo. Chujio haliwezi kufanya hivyo. Tezi inafanya kazi, na inalipa kwa nishati.

Kazi yenyewe umeshaiona kwenye sahani ya mwenzako. Vipande vya embe vikinyunyiziwa chumvi, baada ya dakika chache vinaelea majini. Chumvi iko nje, maji yameifuata. Seli ya tezi hutumia njia hiyohiyo. Upande wa damu huvuta kloridi na kuiweka akiba ndani. Amri ya neva ikifika, kalsiamu hupanda ndani ya seli na kufungua milango ya upande wa tundu. Kloridi inamiminika, sodiamu inaifuata kwa kupenya kati ya seli na seli, na hao wawili wakikutana hiyo ni chumvi ya mezani. Maji nayo yanafuata, mengi yakipitia vitundu vya protini viitwavyo akwaporini. Seli nyingine bapa, zilizokikumbatia kichala kama vidole vya pweza, hukibana ili mate yatoke. Ule mchomo unaousikia chini ya masikio ukiuma kipande cha kwanza cha ukwaju, nadhani unaujua.

Ila mate ya hatua hiyo yana chumvi karibu sawa na ya damu, na wewe hujawahi kuonja mate yako yakawa kama machozi. Ni kwa sababu njiani, kwenye vijimrija, kuna seli nyingine zinazoirudisha sodiamu na kloridi kwenye damu, na kuta zake haziruhusu maji kurudi nayo. Badala yake hutia potasiamu na bikaboneti. Mate yakifika kinywani yamepungua chumvi mno, ndiyo maana unaweza kuonja mchuzi na kusema umepwaya. Ulimi unaoogelea kwenye maji ya chumvi usingeitambua punje iliyopungua.

Sasa mfikirie mtu anayechambua mchele. Mpe ungo mmoja na nusu saa, hakuna jiwe litakalompita. Mletee ungo kila dakika, mawe yatapita. Vijimrija navyo ni hivyo: mate yakienda kasi, sodiamu nyingi zaidi inaponyoka. Bikaboneti nayo huongezeka mate yakienda kasi, na hapo mwili unafaidi, kwa kuwa bikaboneti ndiyo inayoizima asidi. Jino huanza kupoteza madini pH ya kinywani, kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, ikienda chini ya 5.5 hivi, na saa ya kula ndiyo saa ya hatari.

Kiasi je? Vitabu huandika kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Mimi naamini zaidi ule upande wa chini, na hesabu yangu ni hii. Mtu mzima aliyetulia hutoa kama mililita 0.3 kwa dakika. Kwa saa 15 za kuwa macho bila kula, hiyo ni mililita 270. Akila kwa jumla ya saa moja, kwa mililita 4 kila dakika, ongeza 240. Usiku mate karibu yanakoma. Jumla ni mililita 510: chupa ya soda ya nusu lita. Na muda wote huo kinachobaki kinywani baada ya kumeza ni utando tu, mwembamba kama moja ya kumi ya milimita. Utando huo ukikatika ndipo tunasema kinywa kimekauka, kwa hiyo umbali kati ya kinywa kizuri na kinywa kikavu si mrefu.

Tuje kwenye amri. Tumbo na kongosho hupata maagizo ya neva na ya homoni pia. Tezi za mate hutegemea neva karibu kwa kila kitu; homoni kama aldosteroni hubadilisha tu kiasi cha chumvi. Kituo cha amri kiko kwenye shina la ubongo, pale ubongo unaposhuka kuelekea shingoni. Kutoka hapo neva ya 9 ya fuvu hupeleka ujumbe kwenye tezi ya mbele ya sikio, na neva ya 7, ambayo ndiyo pia ya kukunja uso na kutabasamu, huhudumia zile mbili za chini. Tarishi wao mwishoni mwa neva ni kemikali iitwayo asetilikolini. Ikigusa kipokezi chake kwenye seli, kalsiamu inapanda, milango inafunguka, embe linatiwa chumvi.

Ukimjua tarishi huyu mengi yanafumbuka. Chukua tambuu. Popoo ina kemikali iitwayo arekolini, ambayo inagonga mlango uleule kama asetilikolini, ndiyo sababu mla tambuu hatosheki bila cha kutemea. (Na popoo ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya kinywa, nalisema hili kila ninapoitaja.) Mtafuna miraa yuko upande wa pili: kinywa kinamkauka, anakitafutia soda, na soda inayala meno yake. Au chukua mkulima aliyepuliza dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti bila kujikinga. Sumu hiyo huzuia asetilikolini isivunjwe, tarishi anabaki mlangoni akigonga bila kuondoka, na mate yanamwagika pamoja na machozi, jasho na makohozi yanayoziba pumzi. Hiyo ni dharura ya hospitali, dakika hiyohiyo. Dawa anayochomwa ni atropini, inayokiziba kipokezi, na ndiyo iliyokuwa ikichomwa wagonjwa kabla ya upasuaji ili mate yasiwaingie mapafuni.

Ajabu zaidi ni kisa alichokieleza daktari wa Poland, Łucja Frey, mwaka 1923. Mtu akijeruhiwa au kupasuliwa kwenye tezi ya mbele ya sikio, neva za mate zilizokatika hukua tena, na pengine hupotea njia zikaishia kwenye tezi za jasho za ngozi ya shavu. Tezi za jasho nazo husikiliza asetilikolini. Basi mtu huyo akikaa mbele ya pilau, shavu lake linatoka jasho. Amri ilitolewa sawasawa, anwani ndiyo iliyokosewa.

Sasa embe lako. Kinachoamsha mate kwa nguvu ni ladha, na kati ya ladha zote ukali wa ndimu, ukwaju na embe bichi unaongoza. Kinachofuata ni kutafuna, hata ukitafuna kitu kisicho na ladha. Kuona na kukumbuka huja nyuma. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake ya usagaji wa chakula, aliutoa nje mrija wa mate wa mbwa kupitia shavuni ili ahesabu matone, na akaona yanaanza hata kabla ya chakula kufika, mbwa akishazoea ishara yake. Embe bichi halikuwa na nguvu hiyo kwako siku ya kwanza ya maisha yako. Umelila mara nyingi, ubongo ukajifunza, na siku hizi harufu na ile rangi ya pilipili zinatosha. Hata hivyo kwa binadamu mate ya kuona tu ni machache kuliko ya mbwa. Sehemu ya "kujaa" ulikokusikia ni mate yaliyokuwepo tayari, ila ghafla umeyatia akilini. Kiswahili kimetuwahi hapa: mwenye kutamani cha mwenziwe "anakimezea mate", na kumeza kwenyewe kunatajwa kwanza.

Na risala? Utasoma mahali pengi kwamba neva za hofu, zile za mfumo wa simpathetiki, ndizo zinazofunga mate. Maelezo hayo ni mepesi kupita kiasi. Neva hizo zikichokozwa zenyewe hazifungi kitu. Huzifanya tezi zitoe mate machache, mazito, yenye protini nyingi, na ndiyo maana ulimi ulinata badala ya kukauka tu. Ukavu wenyewe ulitoka juu zaidi. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu ziliteremsha katazo hadi kwenye kile kituo cha shina la ubongo, nacho kikapunguza amri kwa tezi. Juu yake ulikuwa unahema kwa mdomo na kusoma kwa sauti, hewa ikakausha kile kidogo kilichobaki. Kati ya Mabedui kulikuwa na kiapo kiitwacho bisha'a, mshitakiwa analamba chuma cha moto, na ulimi ukiungua amesema uongo. Ulimi wenye mate huhimili mguso wa mara moja kuliko ulimi mkavu, kwa hiyo kuna fiziolojia ndani yake, lakini hofu haibagui mwongo na mkweli. Wewe ulikuwa unasema kweli tupu kuhusu mdogo wako, na bado ungeungua.

Maji hayakukufaa kwa kuwa yaliulowesha utando tu bila kuamsha amri. Mara nyingine, dakika chache kabla ya kusimama, tafuna chingamu isiyo na sukari kisha uitupe, au weka ulimini kipande kidogo cha limau. Ladha na kutafuna hupita njia nyingine kufika kwenye kituo, na hushindana na katazo la hofu. Maji yawe ya kusindikizia.

Nimemwacha mama mwisho kwa kuwa yeye ndiye anayenishughulisha. Dawa ya usiku ya maumivu ya neva ni mara nyingi amitriptilini, na hiyo huziba vipokezi vilevile vya asetilikolini. Amri inatoka ubongoni, inafika, inakuta mlango umefungwa. Dawa nyingi za mzio zinazoleta usingizi hufanya hivyo pia, na za presha zinazokojoza hupunguza maji. Akiwa anameza mbili tatu kwa pamoja, zinasaidiana kumkausha. Asiiache dawa kwa shauri langu au lako. Aliyemwandikia anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha. Lakini dawa si sababu pekee: kisukari hukausha, vilevile virusi vya UKIMWI, ambavyo pengine huvimbisha tezi za mbele ya masikio, na ule ugonjwa alioueleza Henrik Sjögren wa Sweden mwaka 1933, ambapo kinga ya mwili huzishambulia tezi za mate na za machozi. Muulize kama macho nayo yanamkwaruza kama yenye mchanga. Na aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani ya koo au kinywa anaweza kubaki na tezi zilizokufa, hapo hata amri ikifika hakuna wa kuitekeleza.

Hadi apate miadi, ayalinde meno, maana yeye amepoteza mate ya mchana na ya usiku hayakuwepo tangu mwanzo. Cha mwisho kugusa meno kabla ya kulala kiwe dawa ya meno yenye floraidi. Ateme povu, asisukutue sana. Maji ayanywe kwa mafunda madogo madogo. Pipi za ndimu zenye sukari, ambazo wengi huzikimbilia kwa kuwa zinaleta mate kweli, zitammalizia magego ndani ya miezi. Akiona utando mweupe au ulimi mwekundu unaowaka moto, huenda ni fangasi, aonwe mapema.

Na wahenga walituonya tusiandikie mate ilhali wino upo, kwa hiyo msikisie, pimeni. Asubuhi, saa moja na nusu baada ya kula au kunywa chochote, akae ameinamisha kichwa, ameze mara moja, kisha kwa dakika tano ayaache mate yadondoke kwenye kikombe bila kutafuna wala kusukuma kwa ulimi. Yavuteni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, msome mililita bila kuhesabu povu, mziandike kwenye karatasi. Mililita 1.5 ni kawaida. Chini ya 0.5 tezi kweli hazitoi, na karatasi hiyo aende nayo kwa daktari pamoja na maboksi ya dawa zake zote, hata ile ya mafua aliyoinunua dukani. Ikizidi 1.5 na bado anahisi ukavu, niandikie tena, maana kuna vinywa vinavyolia ukavu huku mate yamo, na hapo nitamuuliza maswali mengine kabisa.